Mficha Uchi Hazai: Kiswahili Mbele ya Tumbo na Korodani

Wahenga wetu walinena kwamba mficha uchi hazai. Methali hii tulifundishwa tangu shule ya msingi, tukaiandikia insha, na wengi wetu tukaipa maelezo ya juu juu tu: kwamba mwenye shida na aieleze ili asaidiwe. Nakiri kwamba hata mimi, niliyekwisha kuhitimu shahada ya kwanza ya Kiswahili na ambaye sasa naandika tasnifu ya uzamili katika fasihi, sikuwahi kuichukua methali hii kwa maana yake ya wazi hadi siku niliposimama mbele ya wafugaji kijijini kwetu Embu, karatasi mkononi na ulimi umenikauka. Makala haya yanatokana na siku hiyo.

Kisa chenyewe ni hiki. Fahali mmoja aliyekuwa akipandishiwa ng'ombe wa majirani alianza kushindwa na kazi yake. Ng'ombe walirudi joto mara baada ya mara, na wawili walioshika mimba waliitupa kabla ya miezi kutimia. Korodani moja ya fahali ilikuwa imevimba. Mwenyewe alikata shauri kumchinja. Binamu yangu, ambaye ni daktari wa mifugo, alichukua kipande cha korodani ile, akakitia dawani na kukipeleka maabara. Majibu yaliporudi, wafugaji waliitwa wakae chini ya mwembe wayasikie. Binamu yangu alianza kueleza, lakini Kiswahili chake kilikuwa na vitenzi vya Kiswahili na nomino za Kiingereza. Kila alipofika penye jambo lenyewe, lugha iligeuka. Mzee mmoja akamkatiza kwa upole, akanigeukia mimi: "Mjukuu wangu, si wewe ndiye unayesomea Kiswahili huko chuoni? Hebu tuambie karatasi hiyo inasema nini."

Nilisimama. Mbele yangu walikuwa wazee wa rika la babu yangu, akina mama wa rika la mama yangu, na vijana niliosoma nao. Nikatazama karatasi, nikaona maneno ya Kilatini na Kiingereza yaliyohusu mirija ya korodani, seli zake na uvimbe uliokuwa kati yake. Nikajikuta nikisema: "Fahali alikuwa na ugonjwa wa sehemu za siri." Vijana wakacheka. Akina mama wakainamisha macho. Mwenye fahali, mtu mzima mwenye heshima zake, akavuta kofia usoni, kwa sababu kwa masikio ya waliokuwapo nilikuwa nimetangaza kwamba mnyama wake alikuwa na zinaa. Kikao kikavunjika kwa minong'ono.

Karatasi ile ilikuwa imesema mambo tofauti kabisa. Ilisema kwamba mbegu zilikuwa zimekwisha ndani ya mirija, kwamba seli za kupigana na maradhi zilikuwa zimejaa kati ya mirija hiyo, na kwamba bakteria wa brusela walishukiwa. Ilishauri ng'ombe wote waliopandwa na fahali yule wapimwe damu, na watu waonywe kuhusu maziwa mabichi na mimba zilizotupwa. Hapo sikufika. Wiki chache baadaye mama mmoja ambaye kwa heshima namwita shangazi, na ambaye alikuwa amemvuta kwa mikono mitupu ndama aliyekufa tumboni, alilazwa. Homa ilikuwa ikimjia na kumwacha, viungo vikimuuma, naye alikwisha kujinunulia dawa za malaria mara mbili bila nafuu. Alipopimwa ilionekana ni brusela. Alitibiwa kwa wiki kadhaa, akapona. Sidai kwamba neno langu lilimwambukiza. Ugonjwa alikuwa nao kabla ya kikao. Lakini najua kwamba siku ile ndiyo ingekuwa siku ya yeye kutambua kinachomsumbua, na kwamba aliketi hatua tatu kutoka niliposimama.

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo nimejiuliza nilikosa nini. Jibu la haraka, ambalo tumelizoea katika makongamano yetu, ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Jibu hili linatufaa sana sisi wasomi kwa sababu linaitupia lawama lugha. Nikijihoji kwa uaminifu, naona kwamba nilikosa vitu viwili: msamiati na ujasiri. Tena cha pili ndicho kilichonizuia kukitafuta cha kwanza. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba elimu ya maumbile ya ndani ya wanyama, ile inayotazamwa kwa hadubini, haijashindikana katika Kiswahili. Kinachoikwamisha ni aibu yetu, pamoja na kasumba ya kudhani kwamba maneno ya kitaalamu hutoka vitabuni tu wala hayawezi kutoka buchani na zizini.

Nilimwomba binamu yangu anipeleke nikaone kwa macho yangu kile kilichoandikwa katika karatasi. Niliyoyaona maabarani yalinishangaza kwa jinsi yanavyofanana na kazi za mikono tunazozijua. Kipande cha nyama hulowekwa katika fomalini kisioze. Kisha hukaushwa maji, kikatiwa nta iliyoyeyushwa, nayo ikiganda huwa kama mche wa sabuni. Mche huo hukatwa vipande vyembamba mno, unene wa takriban mikromita 5, yaani vipande 200 vikipangwa pamoja ndipo hufikia unene wa milimita 1. Vipande hivyo hubandikwa juu ya kioo na kutiwa rangi mbili. Moja, itokanayo na mti wa huko Amerika ya Kati, hupaka viini vya seli rangi ya samawati iliyoiva. Ya pili huvipaka vilivyobaki rangi ya waridi. Kuloweka, kukausha, kukata, kutia rangi: hakuna tendo hata moja hapo ambalo Kiswahili hakina kitenzi chake.

Aidha, nilipochunguza asili ya maneno yenyewe, niligundua kwamba wataalamu wa Ulaya walifanya kazi ambayo mwanafunzi yeyote wa fasihi angeitambua: walitumia sitiari. Mwaka 1665 Robert Hooke alitazama kizibo kwa hadubini, akaona vijumba vidogo vidogo, akaviita kwa neno la Kilatini lenye maana ya chumba kidogo, kama vile vya watawa. Ndiyo asili ya neno tulilolitohoa kuwa seli. Mfaransa Bichat, aliyefariki mwaka 1802, alieleza kwamba viungo vya mwili vimeundwa kwa vitambaa vya aina mbalimbali, akaviita kwa neno la Kifaransa litokanalo na kufuma. Ndiyo tishu yetu ya leo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Bichat hakuiamini hadubini. Alifanya kazi yake kwa macho, vidole na kisu, kama mchinjaji. Hata jina la taaluma yenyewe, histolojia, lililotumiwa kwanza mwaka 1819, limetokana na neno la Kiyunani lihusulo kitanda cha mfumi. Nasi je? Tuna mtande na mshindio, maneno mawili sahihi ya ufumaji ambayo wengi wetu tunayajua kutokana na kamusi tu. Mzungu alipokosa neno alikwenda kwa mfumi wake. Sisi tukikosa neno twaenda kwa Mzungu.

Natuanze na tumbo, kwa kuwa tumbo halina aibu nyingi. Nenda soko lolote, iwe Runyenjes, Nkubu, Chuka au Maua, usimame penye meza ya muuza matumbo. Utaona mbele yako matumbo manne ya mnyama acheuaye yakiwa yamepangwa, na kila moja lina uso wake. La kwanza, ambalo ndilo kubwa, limejaa vinyweleo vya nyama kama taulo. La pili lina vyumba vyenye pembe sita kama sega la nyuki. La tatu lina kurasa nyingi zilizopangana. La nne ni laini, lenye mikunjo na ute. Wataalamu huyaita rumeni, retikulamu, omasamu na abomasamu. Majina hayo yanatisha mpaka uyafunue. Retikulamu maana yake ni wavu mdogo. Omasamu lina jina jingine la zamani la Kilatini ambalo ni jina la kitabu cha Zaburi, na Waholanzi huliita kwa neno lenye maana ya tumbo-kitabu. Basi kuna ubaya gani mwalimu wa Kiswahili akisema tumbo-taulo, tumbo-sega, tumbo-kitabu na tumbo-tezi? Majina haya manne nayapendekeza mwenyewe, wala sing'ang'anii yakubaliwe. Ninachong'ang'ania ni kwamba yeyote aliyewahi kuosha matumbo atayaelewa mara moja, bila maelezo zaidi.

Tena majina ya namna hii hayaishii katika urahisi. Yanafungua mlango wa maarifa. Tumbo la kwanza halina tezi hata moja. Ngozi yake ya ndani ina tabaka nyingi za seli, za juu zikiwa ngumu mithili ya ngozi ya kisigino, kwa sababu kazi yake ni kustahimili msuguano wa nyasi huku vile vinyweleo vikifyonza asidi ziletazo nguvu, ambazo hutengenezwa na vijidudu vilivyomo. Mfugaji akielewa hilo, ataelewa pia kwa nini ng'ombe aliyefakamia mahindi ghafla huugua: asidi huzidi na kuunguza vile vinyweleo. Tumbo-sega ndimo zinamonaswa misumari na nyaya zinazomezwa pamoja na malisho, na kwa kuwa liko karibu na moyo, msumari huweza kulitoboa na kuufikia. Tumbo la nne ndilo pekee lenye tezi zitoazo asidi kali na vimeng'enya, kama tumbo letu sisi binadamu. Ndama anyonyapo, maziwa hupitia mfereji maalumu na kuyakwepa matumbo ya mwanzo hadi kufika hili la nne. Vinyweleo vya tumbo lake la kwanza hukua atakapoanza kula majani. Haya yote yanasemeka. Nimeyasema hapa, nawe umeyaelewa.

Utumbo nao una walimu wake. Mtengenezaji wa mutura, ambaye jioni hakosi katika miji yetu ya Embu na Meru, huugeuza utumbo nje ndani, akaukwangua na kuuosha hadi ute na tabaka la ndani litoke, ndipo aujaze nyama na damu. Mtu huyu anajua kwa mikono yake kwamba ukuta wa utumbo si kitu kimoja. Mwanahistolojia atamwambia kwamba ziko tabaka nne: utando ute wa ndani wenye vinyweleo vya kufyonzea chakula, tabaka laini lenye mishipa, tabaka la misuli isukumayo chakula, na utando mwembamba wa nje. Mtengenezaji wa mutura atamjibu kwamba lile la kwanza hulitupa na yale mengine huyachoma. Mazungumzo hayo yanawezekana leo hii, penye jiko la makaa, kwa Kiswahili. Fauka ya hayo, lugha yetu tangu zamani ina firigisi, kongosho, wengu, nyongo, figo, umio na chango. Firigisi pekee yatosha kuwanyamazisha wanaodai kwamba Waswahili hawakuangalia ndani ya mnyama: ni neno moja kwa kiungo kimoja cha ndege, na kila mla kuku anajua kwamba kina utando mgumu wa kubandua.

Sasa tufike pale nilipokwama. Kiswahili hakina uhaba wa majina ya viungo vya uzazi vya kiume. Kina kende, kina korodani, kina pumbu, kina manii, shahawa na dhakari. Tatizo ni kwamba kila neno limekaa katika rejista yake, na msomi huogopa zote. Pumbu ni neno la matusi kwa wengi. Kende na korodani huweza kusemwa, lakini kwa kuinamisha sauti. Manii, shahawa na dhakari ni maneno ya asili ya Kiarabu; yaliingia yakiwa yamevaa kanzu, ndiyo sababu yanavumilika msikitini na mahakamani. Nasi Wakenya tuliosoma biolojia kwa Kiingereza tukaongeza vazi jingine. Tunapotaja kiungo kwa Kiingereza hatuoni haya, wala si kwamba Kiingereza ni sahihi zaidi: tunakitumia kwa sababu hakituumi.

Kuna watakaosema kwamba tasfida ni sehemu ya adabu ya Mswahili, na kwamba ninataka kuivunja. La hasha. Tasfida naiheshimu, tena naisoma kama mwanafunzi wa fasihi. Lakini tutazame jinsi Kilatini kilivyofanya. Neno la Kilatini la korodani linafanana na neno la shahidi. Jina la uume katika lugha hiyo lilikuwa jina la mkia, na jina la uke lilikuwa jina la ala ya upanga. Hizo nazo ni tasfida! Tofauti ni kwamba wataalamu walizichukua, wakazipa fasili moja isiyoyumba, wakazichapisha vitabuni, hata leo hakuna anayeona mkia wala ala. Kwa hiyo tasfida haimzuii mtaalamu. Kinachomzuia ni tasfida isiyo na mipaka. "Sehemu za siri" ni nini hasa? Ni korodani, au uume, au mfuko wa ngozi, au tezi? Neno linalotaja vyote halimsaidii mfugaji anayetaka kujua kilichovimba. Siku ile nilitumia tasfida, nayo tasfida ikamvua nguo mwenye fahali mbele ya majirani zake kuliko ambavyo neno korodani lingemvua.

Ushahidi kwamba jambo hili lawezekana tunao. Neno tezi dume leo linatajwa redioni, hospitalini na katika mikutano ya hadhara, na wanaume wazima huliuliza bila kutazama chini. Ni neno la adabu, na papo hapo ni neno lenye maana moja. Vivyo hivyo neno UKIMWI, lililoundwa kwa maneno ya kawaida ya Kiswahili, lilivuka mipaka ya Afrika Mashariki na kuingia vijijini kabla ya vitabu. Maneno hayo mawili yalizaliwa kutokana na haja, yakakubalika kwa kuwa watu walihitaji kupona.

Tena tusijisingizie kwamba mila za Meru na Embu zilifunga midomo kabisa. Wazee wetu walikuwa na mahali pa kuyasema mambo haya. Vijana waliokuwa wakitahiriwa walifundishwa kuhusu mwili wao katika faragha ya jando, na waliowafundisha hawakuzungumza kwa mafumbo matupu. Aibu ilikuwa na mlango wake, na lugha ilikuwa na chumba chake. Chumba hicho sasa ni darasa, maabara na kikao cha wafugaji, ila hatujahamishia lugha humo. Isitoshe, mbele ya mnyama aibu hupungua. Hakuna mzee wa Meru atakayeona haya kusema kwamba atamhasi ndume, au kuuliza bei ya maksai. Koleo la kuhasia bila kupasua ngozi hubana na kuponda mishipa iendayo kwenye korodani, na kazi hiyo huelezwa mbele ya watoto. Wafugaji hununua mbegu za fahali zilizogandishwa kwa nyuzi 196 chini ya sufuri, katika mirija midogo kuliko mrija wa soda, na mazungumzo yake hufanyika sokoni mchana. Kituo kikuu cha huduma hiyo nchini kilianzishwa Kabete mwaka 1946. Basi mnyama ndiye mlango wetu. Tukijifunza kutaja vya kwake kwa ufasaha, tutafika kwa vyetu.

Na yaliyomo ndani ya korodani yanastahili kutajwa. Ukiitazama kwa hadubini utaona mirija myembamba iliyojikunja na kusongamana. Ya fahali mmoja ikinyooshwa itafika kilomita kadhaa. Ukutani mwa kila mrija mna seli changa za mbegu upande wa nje, na kadiri zinavyokomaa ndivyo zinavyosogea kuelekea katikati, hadi ziote mkia. Katika fahali safari hiyo huchukua takriban siku 61, kisha mbegu hupitia mrija mrefu ulio juu ya korodani ili kukomaa. Mfugaji akijua hivyo, hatamhukumu fahali aliyeugua homa wiki jana. Atasubiri zaidi ya miezi 2 kabla ya kumpima. Kati ya seli za mbegu zimesimama seli ndefu zinazozilisha na kuzilinda, alizozieleza Mwitaliano Enrico Sertoli mwaka 1865. Nje ya mirija zimo nyingine zitoazo homoni ya kiume, alizozieleza Mjerumani Franz Leydig mwaka 1850. Majina ya mabwana hawa yabaki kwa heshima ya historia. Lakini zile za kwanza tukiziita pia seli-walezi, tutakuwa tumeeleza kazi yake kwa neno moja ambalo kila mama analijua.

Je, hatuna kamusi? Tunazo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kazi hizo ni hazina, na ninawashukuru waliozifanya. Ila neno lililolala kamusini bila kutumika ni kama mbegu iliyogandishwa: ni hai, lakini haijamzalia mtu ndama. Nchini Kenya mtoto husoma sayansi kwa Kiingereza, na aliyebobea katika Kiswahili huachana nayo mapema. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia, lakini karatasi ile ya maabara haikujua habari hizo.

Najua pingamizi mbili zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba tutohoe tu maneno ya Kiingereza na Kilatini, yaishe. Sipingi utohozi, nimetumia seli, tishu na homoni katika makala haya. Lakini utohozi uje mwisho. Kwanza tuulize kama muuza matumbo, mfugaji au mtahiri analo neno. Akikosa, tutafute taswira itakayoeleweka bila mkalimani. Ikikosekana, ndipo tutohoe, tena kwa sauti za Kiswahili. Pingamizi ya pili itatoka kwa wenzangu wa fasihi: kwamba haya si yetu, ni ya wanasayansi. Nawauliza: ni nani aliyefundishwa kutambua sitiari, kupima rejista, kuchambua tasfida na kusikiliza jinsi hadhira inavyopokea neno? Mwanasayansi anajua seli ni nini. Sisi tunajua neno litaangukaje masikioni.

Kwa hivyo natoa pendekezo ambalo halihitaji fedha nyingi. Kanda yetu ina Chuo Kikuu cha Embu, Chuo Kikuu cha Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, hiki cha mwisho kikiwa Nchiru, jirani na makao ya wazee wa Njuri Ncheke. Wanafunzi wa Kiswahili waketi na wenzao wa kilimo, mifugo na biolojia, wachukue kiungo kimoja kila muhula, waende buchani na zizini, wakusanye maneno ya Kiswahili pamoja na ya Kimeru, Kiembu, Kimbeere na Kitharaka. Lugha hizi zisimezwe. Ziandikwe kando ya Kiswahili, kwa kuwa huenda neno tulitafutalo limo humo. Kisha maneno hayo yajaribiwe mbele ya wafugaji wenyewe kabla ya kupelekwa kwa wataalamu wa istilahi. Neno lililochekwa lirudishwe, na lililoeleweka liandikwe.

Mimi nimekwisha kuanza, na mwanzo wangu ulikuwa kuomba radhi. Nilirudi kwa wafugaji wale pamoja na binamu yangu, wakiwa wameitwa kwa ajili ya kupima ng'ombe damu. Nilimtaka radhi mwenye fahali hadharani, kisha nikasema hivi: "Ndani ya korodani ya fahali mna mirija myembamba ambamo mbegu hutengenezwa. Kuna vijidudu viitwavyo brusela vilivyoingia humo, vikaleta uvimbe, nazo mbegu zikaisha. Hakufanya kosa, na mwenyewe hakufanya kosa. Vijidudu hivyo hivyo ndivyo humfanya ng'ombe atupe mimba, navyo hutoka pamoja na mimba hiyo na kondo lake, na pia hukaa katika maziwa. Vikimwingia mtu humletea homa isiyoisha na maumivu ya viungo, na mwanamume huweza kuvimba korodani vilevile." Hakuna aliyecheka. Shangazi, aliyekuwa ameketi palepale pa siku ile, aliuliza kama maziwa yakichemshwa yanatosha. Binamu yangu akamjibu kwamba yanatosha, ila mimba iliyotupwa isiguswe kwa mikono mitupu, na ifukiwe mbali na mbwa.

Kikao kilipokwisha, yule mzee aliyenisimamisha siku ya kwanza alinishika mkono. "Mjukuu wangu," akasema, "maneno haya yote nilikuwa nayajua, hata lile la korodani. Mbona hukuyasema siku ile?"

Nilimwambia niliona haya, mzee. Akatikisa kichwa, akaenda kumfunga ng'ombe wake apimwe.